Pipa Lililogoma Kupata Moto

Mama Pindo alikuwa mtu wa kusaga mara moja kwa mwezi. Siku yake ikifika anakuja na gunia zima juu ya mkokoteni, anasimama pembeni na macho yake makali kuhakikisha nafaka zake hazichanganywi na za mtu mwingine, anafunga unga wake na kwenda zake, na mashine haimwoni tena mpaka mwezi mwingine. Kwa hiyo alipoanza kuja kila asubuhi, na kopo la nafaka ambalo kuku mmoja angelimaliza na kudai nyongeza, Vumbi alijua hapa kuna jambo.

Vumbi ndiye aliyekuwa fundi wa mashine ile ya kusagia, ukingoni mwa mto. Jina alilopewa na wazazi wake lilishafunikwa na unga miaka mingi; nyusi zake zilikuwa nyeupe tangu ujana, na mke wake alipenda kusema kwamba siku ya kwanza alidhani anaposwa na mzee. Mama Pindo alikuwa shemeji yake, mjane wa kaka yake, na ndiye aliyemlea tangu ana miaka saba, yatima asiye na mbele wala nyuma. Alikuwa fundi cherehani. Pindo alilolikunja yeye halikufumuka. Nguo itachakaa, itageuka kitambaa cha kupigia deki, na pindo bado lipo.

Asubuhi ya tano Vumbi aliingia chini ya mawe ya kusagia akijifanya anakaza nati, akachungulia. Kila aliyewahi kusaga anajua kwamba unga ukitoka kwenye mawe huwa wa moto, kwa vile nafaka zimesuguliwa mpaka zimekasirika. Akamwona shemeji yake anamwambia mama mmoja, lete nikushikie mfuko, pumzika mwanangu. Ukarimu wa namna hiyo, saa hizo za asubuhi, haukuwa wake. Akaushika mfuko chini ya mdomo wa mashine, na yule mama alipogeuka tu akatumbukiza mikono yote miwili ndani ya unga mpaka juu ya vifundo, akafumba macho. Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyetua mzigo.

Vumbi alisubiri mpaka watu walipopungua. Kisha akamwita nyuma ya stoo na kumwomba amwoneshe mikono. Mama Pindo alimwambia kwamba alikuwa anapima ulaini wa unga, kwamba siku hizi mashine inatoa chenga tupu, na kwamba fundi anayejificha chini ya mawe kuchungulia wanawake ana lake jambo. Vumbi alimwacha amalize, huku bado amemnyooshea kiganja. Mwishowe Mama Pindo akaviweka vidole vyake juu ya kiganja hicho. Vilikuwa vimejikunja, viungo vimevimba, na ngozi yake ilikuwa baridi. Vumbi alijaribu kukinyoosha kimoja, na yule mwanamke ambaye hakuwahi kumwona akigumia hata siku ya msiba wa mumewe, akavuta pumzi kwa meno.

Ikambidi aseme. Ni baridi yabisi. Muuguzi wa zahanati alikuwa amempa vidonge, akamfundisha mazoezi ya kukunja na kukunjua, na kumwagiza kwamba kila asubuhi kabla ya mazoezi aloweke mikono katika maji ya moto kiasi kwa nusu saa nzima, bila kuyaacha yapoe. Alikuwa amemwambia na jambo jingine, ambalo Mama Pindo alilisema akitazama pembeni: majira ya baridi yakiisha vidole havijafunguka, vitabaki vilivyo. Ilikuwa miezi miwili hajashika mkasi. Wateja aliwaambia waje kesho, na kwa kuwa kila mtu anazijua ahadi za mafundi cherehani, hakuna aliyeshtuka.

Maji ya moto, utasema, ni kitu gani cha kumshinda mtu? Lakini yalikuwa majira ya manyunyu, kuni zote zimelowa na zinatoa moshi kuliko moto. Jiko lake lilikuwa moja, dogo, na besheni la maji katika baridi ile lilipoa kabla hajahesabu hadi mia mbili. Mke wa Vumbi, alipopata habari, alijitolea kumpelekea maji ya kuongezea, na siku ya tatu akarudishwa mlangoni na ndoo yake. Mama Pindo alisema siku akitaka kuogeshwa atatangaza. Ndivyo alivyokuwa. Kumsaidia yeye ilikuwa kazi kuliko kumlea mtoto mtukutu, na yeye alijua kulea mtoto mtukutu kukoje, kwa sababu alimlea Vumbi.

Siku ile mkewe aliporudishwa, Vumbi hakufanya kazi ya maana. Alikaa akilitazama gurudumu kubwa la mbao likisukumwa na maji ya mfereji, likizunguka bila kula wala kulipwa. Gurudumu linazungusha shafti, shafti inavuta mkanda, mkanda unazungusha jiwe, na mwisho wa safari hiyo unga unatoka wa moto. Hakuna mtu aliyewasha kiberiti popote. Kama kuzunguka kunaweza kuupasha unga, alijiuliza, maji yamekosa nini?

Akaenda kwa mwenye mashine, ambaye wote walimwita Tajiri ingawa paa la ofisi yake lilivuja. Akamweleza alichotaka kukitengeneza: pipa la maji lenye mapanga ya chuma ndani, mapanga yazungushwe na mkanda, yayapige maji mpaka yapate moto. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Yaani unataka kutwanga maji kwenye kinu," akasema.

"Ndiyo, Tajiri."

"Watu wakitaka kumsema mtu anayepoteza muda wake husema hivyo hivyo. Wewe umekuja kuniomba ruhusa."

Akaitoa hata hivyo, kwa sababu shati alilolivaa lilishonwa na Mama Pindo, na kola yake ilikuwa bado imesimama baada ya miaka sita. Masharti yalikuwa mawili. Vumbi alitumie gurudumu alfajiri, kabla ya wateja. Na ajihadhari, kwani fundi anayechezea mashine ya watu anaweza kumwaga unga, na hapo hakuwa anasema ule wa kwenye gunia.

Siku tisa Vumbi alikuwa na lile pipa. Hapa ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo fundi mbovu asingelifanya kamwe. Alilisugua ndani kwa msasa mpaka unaweza kujitazama usoni. Mapanga aliyakata sawasawa, akayapinda kidogo kingo zake ili yapite majini bila vurugu. Beringi alizipaka grisi bora, ile aliyokuwa anaificha kwa ajili ya jiwe lenyewe. Alipolizungusha kwa mkono lilikwenda bila sauti, na alipoliachia liliendelea kuzunguka lenyewe mpaka akachoka kulisubiri lisimame. Alimwita mke wake aje kuona. Mke wake alisema ni zuri, akamuuliza kama atalala ndani yake, maana nyumbani siku hizi haonekani.

Siku ya majaribio Mama Pindo alifika na taulo begani, akisema amekuja kwa ajili ya kusaga tu. Vumbi akafungulia maji ya mfereji, mkanda ukashika, pipa likaanza kuvuma taratibu. Walisubiri robo saa, wakasubiri nusu. Wateja wa mapema wakaanza kukusanyika na vifuko vyao, na habari zikawafikia kwamba fundi anapika maji bila moto. Saa moja ilipotimia Vumbi akafungua koki, akakinga kikombe, akampa shemeji yake. Mama Pindo alitumbukiza vidole, akavitoa, akavikausha kwa taulo kidole kimoja kimoja. Maji yalikuwa baridi kama yalivyotoka mtoni.

Vicheko vilivyofuata vilikuwa vya haki yao. Mmoja aliuliza kama maji yameiva au yaongezwe chumvi. Mwingine alitaka kujua kama yakishatwangwa yanapepetwa. Vumbi alicheka nao, lakini mdomo tu. Alirudi kufanya kile ambacho fundi mzuri hukifanya kitu kikimshinda, yaani kukitengeneza vizuri zaidi. Akalisugua pipa upya. Akabadilisha puli ili mapanga yaende kasi mara mbili. Akajaribu mara ya pili, ya tatu, ya nne. Maji yalizunguka kwa raha zao, yakafanya shimo zuri la duara katikati, na hayakupata hata uvuguvugu wa kumdanganya mtoto. Na huku nje manyunyu yalianza kupungua, na wiki zilikuwa zinakwenda. Alivyokuwa anaona, kila asubuhi iliyopita ilikuwa inafunga kidole.

Jaribio la tano Mama Pindo hakuleta taulo. Alikuja kumwambia aache. Alisema ameshukuru, Mungu ameiona nia yake, na kwamba amempata mtu wa kuichukua cherehani, binti aliyetoka kujifunza, mwenye mikono mizuri. Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya vifungo. Vumbi akageuka kuelekea mtoni ili asimwone uso, na nyuma yake pipa likaendelea kuzunguka kimya, kwa sababu alikuwa amelitengeneza lizunguke kimya.

Ule ukimya ndio uliomfanya Mama Pindo alisogelee. Akafunua kifuniko, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "ule mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, ukiuondoa inakuwaje?"

Vumbi alisema hajui.

"Sindano ikishuka, kitambaa kinashuka nayo. Ikipanda, kinapanda nayo. Vinacheza pamoja siku nzima, na mshono haupo. Hebu tazama maji yako. Yanakwenda pamoja na mapanga, hakuna anayeyabana."

Vumbi akainama naye. Maji na mapanga vilikuwa vinazunguka kwa mwendo mmoja, kama marafiki wawili wanaotembea barabarani. Kweli hakukuwa na chochote cha kuwagombanisha.

"Umelitengeneza vizuri mno," akasema Mama Pindo. "Liharibu."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tangu ana miaka kumi na sita Vumbi alifundishwa kwamba katika mashine joto ni adui. Joto linaunguza beringi, linakata mikanda, linaharibu unga. Ukisikia kitu kinakwaruza, kilainishe. Ukiona kinakaza, kitie grisi. Miaka yote alikuwa anafukuza joto kwa mikono miwili, na sasa alipolihitaji, mikono ile ile ilikuwa inalifukuza bila kumwuliza. Akacheka peke yake, safari hii kwa moyo. Akamwomba shemeji yake amkatalie yule binti kwa wiki moja tu.

Jioni hiyo hiyo alianza kuliharibu. Alichomelea vipande vya chuma kwenye kuta za ndani za pipa, vimesimama kama meno, na akayakata mapanga yake mazuri yaingie katikati ya meno hayo bila kugusana nayo. Kingo alizozipinda kwa upole alizinyoosha, kisha akazitoboa matundu ovyo ovyo. Ilimuuma kufanya hivyo, nisiseme uongo. Mwisho akalizungushia pipa magunia yaliyojazwa pumba, ili joto likija lisipate pa kutokea.

Asubuhi ya kulijaribu alikuwa na Mama Pindo tu. Mkanda uliposhika, pipa lilinguruma, likatetemeka, na gurudumu kule nje likapunguza mwendo kama ng'ombe aliyefungwa jembe. Maji yalikuwa yanasukumwa huku na kuzuiwa kule, hayana pa kwenda. Kwa mara ya kwanza maishani Vumbi alisikia mashine inalalamika na hakwenda kuchukua grisi. Robo saa, akafungua koki: baridi imevunjika. Nusu saa, uvuguvugu, hakuna ubishi. Kabla saa haijatimia alijaza besheni, akaliweka juu ya kreti mbele ya shemeji yake, na mvuke mwembamba ukapanda katika ile hewa ya asubuhi.

Mama Pindo aliingiza mikono mpaka karibu na viwiko. Machozi yalimtoka yakadondokea mle mle kwenye besheni, na yeye akayaacha. Maji yakianza kupoa, Vumbi alifungua koki kidogo na kuongeza mengine, kwa kuwa pipa lilikuwa bado linanguruma na kupika. Nusu saa ile nzima hayakupoa. Vumbi alimshukuru Mungu kwa sauti, akalishukuru na gurudumu, na hakuona aibu.

Tangu siku hiyo Mama Pindo alikuja kila alfajiri. Watu waliocheka walikuja nao, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mwashi mwenye magoti mabovu alisema amepita tu. Yule aliyeuliza habari za chumvi alileta kichanga cha binti yake kiogeshwe, akasema vichekesho vyake vilikuwa vya kuwatia moyo. Tajiri mwenyewe alisema anakuja kukagua mali yake, akaikagua kwa kuloweka miguu. Vumbi aliwaongezea maji wote. Ukishacheka sana, alisema, unastahili kupumzika.

Lakini jicho lake lilikuwa kwenye vidole kumi tu. Wiki ya kwanza havikubadilika ila rangi. Wiki ya pili kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilinyooka nusu, kikagoma hapo. Mama Pindo alifanya mazoezi yake akihesabu kwa kunong'ona, na akikosea hesabu alianza upya, hakujidanganya. Manyunyu yalikoma kabisa. Jua lilianza kuchomoza mapema, na wote wawili waliliona wala hawakulitaja.

Kisha ikafika asubuhi moja katika wiki ya nne. Mama Pindo alitoa mikono majini, akaikausha, akafungua mkoba wake. Akatoa sindano na uzi. Vumbi aliacha kazi aliyokuwa anafanya. Shemeji yake aliulainisha uzi kwa ulimi, akalikosa tundu la sindano mara ya kwanza, akalikosa ya pili. Ya tatu ukapita. Akauvuta, akaukata kwa meno, akafunga fundo kwa vidole viwili, vile viwili vya mkono wa kulia ambavyo mwezi mmoja nyuma havikuweza kukutana. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa bado kimepinda, na mpaka leo kimepinda. Alisema hicho hakimhusu, kazi yake ni kushikilia tu.

Akairudisha mikono kwenye maji.

"Shemeji, ahsante," akasema. "Nikwambie jambo. Vidole hivi vilipokufa sikuogopa njaa, najua usingeniacha nilale na njaa. Niliogopa siku ya kuja kukaa kwako nile bure."

Vumbi alikuwa amesubiri miaka mingi kupata mlango kama huo. Alikuwa amewahi kujaribu kumshukuru, siku aliyomaliza kujifunza ufundi, na siku ya harusi yake, na mara zote Mama Pindo alimkatisha kwa kumtuma kitu dukani. Sasa mikono yake yote ilikuwa ndani ya besheni, hana pa kumtuma.

"Mimi kwako nilikula bure miaka kumi na miwili," akasema. "Ukanivisha, ukanisomesha, kwa cherehani hiyo hiyo. Sijawahi kukwambia ahsante. Nakwambia leo."

"Wewe ulikuwa mtoto," alijibu haraka. "Mtoto hali bure. Mtoto anakula kwao."

Tangu ana miaka saba Vumbi alimwita shemeji, kwa kuwa ndiyo haki ya mke wa kaka, na kwa kuwa mama yake mzazi alikuwa na miezi mitatu tu kaburini siku alipofikishwa kwenye nyumba ile na kaka yake. Kumpa mtu mwingine jina la mama alihisi ni kumzika mama yake mara ya pili. Mama Pindo hakuwahi kumwomba jina lile, na hata hakuwahi kumwonesha kwamba alilitaka. Miaka thelathini ilikuwa imepita hivyo.

"Na mama je?" akauliza.

"Mama gani?"

"Mama akija kukaa kwa mwanawe, anakula bure, au naye anakula kwao?"

Pipa lilikuwa linanguruma. Mama Pindo aliyatazama maji, akayatazama sana, na mabega yake yakapanda na kushuka mara moja.

"Hebu nenda kaangalie mkanda," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Naona kama unalegea."

Mkanda haukuwa umelegea. Vumbi alikwenda akauangalia hata hivyo, upande wa pili wa pipa ambako haonekani, akakaa huko mpaka alipomsikia akiitoa mikono majini, akipenga kamasi, na kumwita aje amwongezee maji.

"Nakuja, mama," akasema.